Kesi ya Bibi wa Kaunta

Wizara ya Mwendo wa Mambo ilikuwa na furaha kubwa kuutangazia umma kwamba mhalifu amepatikana.

Tangazo lilibandikwa kwenye lango la Idara ya Vibali asubuhi na mapema, ili watu wa foleni wapate kitu cha kusoma. Lilieleza kwamba Serikali, kwa huruma yake isiyo na kifani, imegundua ni kwa nini wananchi wanasimama mpaka soli zinaisha. Sababu si viongozi. Sababu si watumishi. Sababu si wananchi wenyewe, ingawa hao bado hawajaachiwa huru kabisa. Sababu ni kompyuta moja kuukuu iliyoko kaunta, yenye prosesa ya kizamani, ndogo, dhaifu, inayokula umeme kiduchu kama mgonjwa anayelazimishwa uji. Kompyuta hiyo itachunguzwa kwa haki, halafu itaondolewa.

Foleni ikasoma. Ilikuwa foleni yenye historia yake: ilianzia kaunta, ikatoka mlangoni, ikazunguka jengo, ikarudi kuchungulia dirishani kuona huko mbele kuna nini. Kuna wawili walijuana humo, wakapendana humo, na sasa walikuwa wanasubiri kibali cha ukumbi wa harusi, bibi harusi mtarajiwa akiwa ameshaanza kumchoka mwenzake.

"Hebu nielewesheni," alisema mama mmoja fundi cherehani, aliyekuja kuomba kibali cha kuhamishia kibanda chake upande wa pili wa barabara. Barabara yenyewe ilikuwa imeshawekwa lami mpya tangu aanze kusubiri, na lami hiyo imeshaanza kutoboka. "Wameshajua wataitoa. Sasa wanachunguza nini?"

"Wanachunguza haki, mama," akajibu bwana harusi mtarajiwa.

"Haya. Hongera zao."

Ghorofani, nyuma ya pazia, Mkurugenzi wa Idara alikuwa anawatazama wakisoma, na roho yake ilikuwa kwatu. Watu walimwita Chapchap. Jina hilo lilimfurahisha sana, maana aliamini limetokana na utendaji wake, na hakuna aliyekuwa na roho mbaya kiasi cha kumweleza vinginevyo. Na kwa kweli alikuwa mtu wa kasi. Alitembea haraka, aliongea haraka, alikula haraka, na kwenye vikao aliingia mbiombio kama mtu anayewahi choo. Akishaingia ndipo alipotulia.

Safari hii alikuwa na kila sababu ya kukimbia. Waziri alikuwa amemwita na kumwambia maneno mawili matatu bila kumkaribisha kiti. Foleni ya Idara ilikuwa imeonekana kwenye picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege, na wageni waliokuwa ndani ya ndege walidhani ni mto.

"Nitakuja mwenyewe," Waziri alisema. "Nikikuta kinachochelewesha kimeondoka, Idara inapanda inakuwa Mamlaka, na wewe unakuwa Mkurugenzi Mkuu. Nikikuta bado kipo, kiti chako nampa mtu mwingine."

Chapchap alikipenda kiti kile. Tusizungushe maneno: alikipenda kuliko kitu chochote kisichoweza kumpenda. Kilikuwa cha ngozi, kinazunguka, kina mahali pa kuegemeza kichwa, na alipokikalia alijiona mtu. Nyumbani alikaa kwenye kochi na kuambiwa ainue miguu watu wafagie.

Sasa, kazi ya Idara ilikwenda hivi. Mwananchi anafika kaunta. Karani, dada mmoja mchangamfu mwenye kalamu nyuma ya sikio, anaandika ombi lake kwenye kompyuta. Kompyuta inaangalia kama kila kinachotakiwa kimejazwa, inalipeleka ombi ghorofani kwenye skrini ya Mkurugenzi, inangoja. Mkurugenzi anabofya palipoandikwa IDHINISHA. Kibali kinachapwa palepale kaunta. Basi. Hiyo ndiyo kazi yote, na ilikuwa imejengewa jengo zima.

Kompyuta hiyo karani aliiita Bibi. Bibi alikuwa ametangulia kazini kuliko karani mwenyewe. Hakuwa na feni, hakupiga kelele, hakupata joto. Asubuhi aliamka taratibu, karani akapata muda wa kuvua koti na kusalimia watu, kisha akishaamka ameamka mpaka jioni. "Bibi yangu hana makuu," karani alipenda kuwaambia wateja. "Hali sana, hasemi sana, na hata siku moja hajaniomba ruhusa."

Chapchap naye alibofya. Asitokee mtu hapa kusema hakubofya. Ila kubofya ni dhamana, si jambo la kukurupukia. Alibofya baada ya vikao, na vikao vilikuwa vingi kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, na foleni ndefu haiwezi kuachwa hivihivi bila kujadiliwa. Siku isiyo na kikao alisoma kumbukumbu za vikao. Ikibaki nafasi kati ya kumbukumbu na chakula cha mchana, hapo alinyoosha kidole, akabofya kibali kimoja, akakipumzisha kidole, akabofya kingine. Kisha alikwenda dirishani, akakuta foleni iko vilevile, akatikisa kichwa kwa uchungu wa kweli.

"Prosesa," alijisemea.

Jambo jingine ambalo haki inatutaka tulitaje ni Kanuni ya Rufaa. Aliitunga mwenyewe, akaagiza iingizwe ndani ya Bibi neno kwa neno, na ilikuwa fahari yake. Ilisema kwamba kila rufaa ipokelewe kwa heshima, isikilizwe kwa makini, ikataliwe. Na kwamba rufaa ikiwa bado haijajibiwa, aliyeikata abaki na hali yake aliyokuwa nayo, asiguswe. Kwa kuwa rufaa nazo zilipaswa kupita ghorofani kwanza, hakuna aliyewahi kufika hatua ya kukataliwa, na watu wengi waliishi kwa matumaini mpaka wakasahau walikuwa wanalalamikia nini.

Wizara nayo ilikuwa na utaratibu wake wa kuokoa muda. Sehemu nyingine watu huchunguza kwanza, huja kuamua baadaye, na ndiyo maana hawafiki popote. Wizarani uamuzi unatangulia, uchunguzi unaufuata huko uliko. Kwa hiyo Amri ya Waziri ilikuwa imeshasainiwa kitambo. Ilisema: "Chanzo cha ucheleweshaji, kama kitakavyotajwa na mshauri, kichomolewe kilipo, kifutwe vumbi, kibandikwe stika nyekundu yenye neno KIMESTAAFU, na kipelekwe stoo siku hiyohiyo. Kazi yake ifanywe na kifaa kitakachoonekana kuwa na nafasi. Amri hii haitenguliwi kwa sababu yoyote ile." Aliyeiandika ni Chapchap. Ile sentensi ya mwisho aliiongeza baada ya kushiba, akaisoma mara kadhaa, akaona imekaa vizuri.

Akabaki mshauri. Zabuni ilitangazwa kwa uwazi kabisa, ndani ya familia, na mshindi akawa mdogo wa mkewe.

Shemeji huyo ndiyo kwanza alikuwa amefungua kampuni ya ushauri. Alikuja na mkoba mgumu na suti ambayo kitambaa cha jina la kiwanda bado kimeshonewa kwenye mkono, kwa sababu aliamini hapo ndipo suti inapojieleza.

"Shem, karibu, kaa," Chapchap alimwambia. "Kazi yenyewe ndogo tu. Unaipima prosesa ya Bibi, unakuta imechoka, unaandika imechoka, tumemaliza."

"Na nikikuta haijachoka?"

Chapchap alicheka mpaka kiti kikazunguka kikamwonyesha ukuta. Alipofika tena upande wa mbele alikuwa bado anacheka. "We Shem una vituko!"

"Nauliza tu. Dada kaniambia nikiharibu kazi hii nisikanyage tena kwake."

"Na mimi nakuambia hivyohivyo. Pima kila kitu, Shem. Kila kitu! Sitaki aje mtu aseme Bibi kaonewa."

Shemeji akaandika: "kila kitu." Ilikuwa zabuni yake ya kwanza, na hakuna aliyekuwa amemfundisha bado maneno gani ya bosi huandikwa na yapi huachwa yapite.

Majaribio yalianza kaunta, mbele ya foleni. Jaribio la kwanza alilichagua Chapchap mwenyewe. Bibi aliamriwa kuonyesha video ya hotuba ya Waziri, ile yenye picha safi kabisa, mtu unahesabu nyusi. Bibi akajitahidi. Waziri akatokea kwenye skrini, akainua kidole, akafungua kinywa aseme "Ndugu wananchi," akaganda hapohapo, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Alikaa hivyo kwa muda usio wa heshima.

"Mmeona?" Chapchap alipiga makofi. "Kamdhalilisha Mheshimiwa! Andika, Shem."

Shemeji akaandika. "Video kali hawezi. Sasa hapa kaunta huwa mnaonyesha video?"

"Hatuonyeshi."

"Basi naandika hawezi kazi ambayo haipo. Twende la pili."

La pili lilikuwa mchezo wa mbio za magari. Gari la Bibi liligoma hata kutoka gereji. Foleni ilisikitika, maana wengine walikuwa wameshachagua gari la kushangilia. Chapchap akasema ushahidi umetosha, yeye anawahi kikao, akapanda ngazi mbili mbili.

Shemeji alibaki amesimama na mkoba wake. "Dada," alimwambia karani, "ile kazi yenyewe ya kila siku naweza kuiona?"

"Ni ndogo tu, utaiona sasa hivi. Mama, sogea." Karani akamvuta mbele fundi cherehani, akaandika ombi lake upya, akabofya. Kabla hajarudisha mkono kwenye kikombe cha chai, Bibi alikuwa ameshalikagua na limeshaondoka.

"Limekwenda wapi?"

"Juu."

"Halafu?"

"Halafu tunangoja."

"Na Bibi sasa hivi anafanya nini?"

"Anangoja na sisi. Si anaona peke yetu tutakuwa wapweke."

Shemeji akaweka ndani ya Bibi kiprogramu cha kupimia, kile kinachoonyesha prosesa imefanya kazi muda gani na imekaa bure muda gani. Kisha, kwa vile aliambiwa apime kila kitu, akaweka kingine kama hicho kwenye skrini ya ghorofani.

Wiki hiyo ikaletwa mashine mpya ya kulinganishia. Lilikuwa dude kubwa jeusi lenye kioo ubavuni, taa zinazobadilika rangi, na feni zinazovuma mpaka makaratasi ya karani yakapeperuka. Foleni ikaliita Jogoo. Alipowashwa, taa ya chooni ilififia, na mtu aliyekuwa humo akapiga kelele kuuliza kulikoni.

Karani akaandika ombi lilelile la mama. Jogoo akalimeza na kulitema juu kabla ya mtu kupepesa kope. Watu wakasema "Duuh!" kwa pamoja. Kisha wakatulia, wakasubiri kibali kitoke. Jogoo akavuma. Taa zikawa za kijani, zikawa za zambarau, zikarudi kuwa za kijani.

"Sasa huyu naye anafanya nini?" mama akauliza.

Shemeji aliangalia kipimo chake, akakiangalia tena. "Anangoja."

"Kama Bibi?"

"Hapana, mama, kuna tofauti kubwa ya kiteknolojia." Shemeji alirekebisha tai. "Huyu anangoja kwa kasi zaidi."

"Na umeme?"

"Umeme anaokula akingoja siku moja, Bibi angeutumia labda mpaka mwakani."

Mama akarudi kwenye nafasi yake, akatoa kitambaa chake na sindano. Alikuwa amekuja na kazi. Watu wa foleni ile wote walikuwa wamejifunza kuja na kazi.

Basi Shemeji akaandika ripoti. Aliiandika kwa moyo wote, akachora na mchoro wa rangi, akaipandisha ghorofani kupata idhini kabla haijasomwa mbele ya Waziri. Chapchap aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya vitu vingine vinavyongoja idhini.

"Shem, isome kwanza," Shemeji alimsihi siku iliyofuata. "Kuna sehemu moja pale katikati..."

"Nitaisoma. Niache nitoke kikao hiki."

Akaja tena. Akaja tena. Jumapili akamfuata mpaka nyumbani, akamkuta kwenye kochi, miguu juu, dada yake anafagia.

"Shem, ile ripoti..."

"Mambo ya ofisini, ofisini. Imeandikwa Bibi kachoka?"

"Imeandikwa mambo mengi."

"Safi sana. Inaonyesha umefanya kazi."

Dada mtu alisimamisha ufagio. "We mdogo wangu, mbona una sura hiyo? Umeharibu nini?"

"Sijaharibu, dada. Nimepima."

Siku ya Waziri ilifika. Ukumbi ulipigwa deki, foleni ikanyooshwa kwa kamba, na watu wakaombwa wasimame kama watu ambao ndiyo kwanza wamefika. Jogoo alifunikwa kitambaa cheupe, tayari kuzinduliwa. Bibi alikuwa juu ya stuli pembeni. Wapagazi wawili walisimama karibu na toroli, mmoja ameshika kitambaa cha vumbi, mwenzake stika nyekundu. Chapchap alivaa tai aliyoiweka kwa ajili ya siku ya kuwa Mkurugenzi Mkuu. Moyo ulimdunda, lakini ulidunda vizuri, kama wa mtu aliyesikia jina lake linakaribia kuitwa.

"Ripoti iko wapi?" Waziri aliuliza.

"Iko mezani kwangu, Mheshimiwa, inangoja idhini."

"Ishushwe."

Ikashushwa. Shemeji aliishika, akamnong'oneza Chapchap: "Shem, nisome muhtasari tu?"

Chapchap alimwangalia kwa huruma. Kijana wa watu anaogopa hadhara. Akampiga begani na kusema kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni: "Isome yote, Shem! Neno kwa neno. Usimwonee mtu haya!"

"Yote?"

"Yote!"

Shemeji akafungua ukurasa wa kwanza. "Mheshimiwa, tuliulizwa kama prosesa hii ya zamani bado ina faida siku hizi. Jibu ni kwamba inategemea unamtuma nini. Kwa video kali na michezo, hapana, tusimtese. Kwa kuandika maombi, kuyakagua, kuyatuma na kuchapa vibali, anatosha na anabaki. Tumemlinganisha na mashine mpya. Foleni haikusogea. Kwa hiyo tulitafuta muda unapotelea wapi. Mchoro huu unaonyesha safari ya ombi moja."

Waziri akavaa miwani. "Bibi yuko wapi hapa?"

"Ni hiki kijistari chembamba cha bluu. Mwanzoni mwenyewe nilidhani ni uchafu wa printa."

"Na hili pande jekundu? Hili lililojaza ukurasa mpaka likatoka pembeni?"

"Hilo, Mheshimiwa..." Shemeji aliangalia ncha ya kiatu chake. "Hilo ni shemeji yangu."

Watu wa foleni wakanyoosha shingo kuuona mchoro. Hata Jogoo, chini ya kitambaa chake, alionekana kuvuma kwa adabu.

"Nani?"

"Mkurugenzi. Ila kwenye ripoti sikutumia jina, nimeheshimu familia. Nimeandika 'kifaa cha ghorofani.' Maombi yanafika kwake papo hapo, halafu yanakaa. Yeye anakuwa kwenye kikao."

"Kikao cha nini?"

"Cha foleni."

Mwisho wa ukumbi mtu mmoja alianza kucheka, akaona yuko peke yake, akakigeuza kicheko kikawa mafua. Chapchap akasogea mbele ya mchoro kuuziba. Jasho lilimtoka sehemu ambazo hakujua kama zina jasho.

"Mheshimiwa, hapa kuna hitilafu ya kiufundi. Shem! Nimekukosea nini mimi?"

"Si ulisema nipime kila kitu?"

"Kila kitu cha Bibi!"

"Hukusema cha Bibi, Shem. Niliandika hapa."

Waziri hakuwa mtu wa visasi. Alikuwa mtu wa taratibu. Alifungua Amri yake, akaisoma kimyakimya akipitisha kidole, akafika chini. "Ningependa kukusaidia," alisema, na wengi waliamini angependa. "Lakini hapa pameandikwa haitenguliwi kwa sababu yoyote ile. Nani aliongeza sentensi hii?"

Chapchap alirudi nyuma hatua moja. Aligeuka, akapanda ngazi mbio, na wale waliokuwepo wanasema hakuwahi kuwa na kasi kama ya asubuhi ile. Wapagazi walimkuta amekumbatia kiti chake, mashavu yamebanwa kwenye ngozi, macho yamemtoka.

"Mkubwa, samahani," alisema mpagazi mkubwa. "Imeandikwa kichomolewe kilipo. Waya wako uko wapi?"

"Sina waya, pumbavu wewe!"

Wakaangalia chini ya meza, wakachomoa kiyoyozi na chaja ya simu yake, ili isije ikasemwa kazi imefanywa nusunusu. Wakamfuta vumbi mabegani. Wakambandika stika kifuani, upande wa tai. Alipoona imefika hapo aliomba jambo moja tu, kwa sauti ndogo sana: aende na kiti.

"Kiti ni mali ya Idara, Mkubwa. Wewe ndiye umestaafu."

Akashushwa kwa toroli kupita foleni nzima. Hakuna aliyemzomea. Fundi cherehani alisogeza mguu ili magurudumu yapite, akamwambia "Pole, baba," na alimaanisha, maana anajua kungoja kunavyouma.

Ilibaki ile sehemu ya kifaa chenye nafasi. Shemeji alipitia vipimo, akaona kuna kifaa kimoja tu kinachokaa bure karibu siku nzima. Karani akaambiwa amwelekeze Bibi: kama kila kinachotakiwa kimejazwa, idhinisha mwenyewe, usipandishe tena kitu ghorofani. Bibi hakuuliza swali. Printa ikaanza kulia, ikalia, ikalia, mpaka karani akaita mtu amshikie karatasi. Kibali cha mama kikatoka. Akakigeuza, akakinusa, akakitia kifuani, akaondoka bila kuaga asije akaitwa tena. Wachumba nao wakapata ukumbi, wakaangaliana kwa hofu, kwa sababu sasa walikuwa hawana kisingizio.

Waziri alifurahi sana. Aliagiza Bibi apandishwe ghorofani, awekewe zulia, ila karani akasema Bibi amezoea kaunta na hana shida na zulia. "Na sasa hivi anangoja nini?" Waziri aliuliza, kwa kutania tu, mkono umeegemea stuli.

Shemeji akaangalia kipimo. "Sasa hivi anangoja yale maombi yanayotakiwa kusainiwa Wizarani, Mheshimiwa."

Waziri akakumbuka ana kikao. Alitoka haraka, na wasaidizi wake wakamkimbilia nyuma.

"Toroli tulirudishe stoo?" mpagazi akauliza.

"Liacheni hapo mlangoni," karani alisema. "Nani anajua."

Huko stoo, Chapchap alikuwa amekaa juu ya kabati lililolazwa, kati ya mashine za kuchapia zisizo na herufi na feni isiyo na mabawa. Alilia kidogo, hilo hatulifichi. Halafu akili ikamrudia, akasimama ghafla mpaka vumbi likatimka. Rufaa! Kanuni si ni yake? Rufaa ikiwa haijajibiwa, aliyeikata anabaki na hali yake, haguswi. Na lini Idara iliwahi kujibu rufaa? Angeikata leo, angerudi kwenye kiti leo, na angekaa hapo mpaka meno yamwishe huku jibu linangojewa. Alikaribia kucheka. Alijikung'uta, akainyoosha tai juu ya stika, akaenda ukumbini.

Alitegemea kukuta foleni. Hata aliitamani, maana angesimama humo kwa muda mrefu na kwa utulivu. Hakukuwa na foleni. Kamba ilikuwa imelala chini, sakafu inang'aa, na karani anakunywa chai ambayo bado ina moto.

"Shikamoo, Bosi. Karibu."

"Marahaba. Nakata rufaa," Chapchap alisema, akiinua kidevu. "Na ieleweke, mpaka ijibiwe mimi bado ni Mkurugenzi wa Idara hii."

"Kabisa, Bosi. Ndivyo Kanuni inavyosema." Karani akaandika, akasoma alichoandika, akabofya.

Chapchap alikohoa, akaegemea kaunta kama mtu mwenye miaka mingi mbele yake. "Sasa basi, nikiwa kama Mkurugenzi, jambo la kwanza hilo toroli hapo mlangoni..."

Printa ikalia.

Karani alichukua karatasi, akampa kwa mikono miwili. Ilikuwa bado na joto. "Imepokelewa kwa heshima, imesikilizwa kwa makini, imekataliwa. Pole sana."

"Imesikilizwa lini?" Aliigeuza karatasi nyuma na mbele. "Lini, binti yangu? Imesikilizwa saa ngapi?"

"Ulivyokuwa unakohoa, Bosi," karani akamjibu taratibu, kisha kwa mazoea tu akainua kichwa na kuita anayefuata, na nyuma ya Chapchap hapakuwa na mtu.